Walalao Nje katika Mtaa wa Migosi, na Maneno Tuyasemayo Juu Yao

(Hotuba ya Halmashauri, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ya Chama imetukabidhi kazi ya kuwasomea habari ya jambo moja lililotusumbua kwa muda mrefu wa mwaka huu, yaani habari ya watu walalao nje katika mtaa wetu wa Migosi. Katika taarifa ya Katibu jambo hili limepewa mistari minne tu, na Katibu hana kosa, kwa kuwa kurasa za kijitabu chetu ni chache. Lakini jambo lenyewe lilikaribia kutugawanya, na wengine kati yenu mmesikia nusu yake mlangoni mwa kanisa na nusu yake kituoni pa bodaboda. Yafaa mlisikie lote, tena kwa utaratibu.

Mtakumbuka kwamba barua ililetwa kwetu ikiwa na sahihi za wanachama thelathini na mmoja. Barua ilisema kwamba mamia ya wahuni na machokora wameuteka mtaa. Kwamba wang'oa taa za milangoni na vifuniko vya mitaro. Kwamba wapasua mifuko ya takataka na kuitawanya njiani. Kwamba watoto wa kike waogopa kwenda shule alfajiri. Na kwamba kina mama hawawezi kupita jioni na mikoba yao. Mwishoni barua iliomba Chama kiandikie wakuu wa jiji, ili askari waje usiku na lori, wawachukue watu hao, wawapeleke mahali pa mbali. Mahali penyewe hapakutajwa.

Halmashauri haikuidharau barua ile. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alisimama mbele yetu akaeleza jinsi alivyonyang'anywa simu akitoka kununua mboga, na jinsi mkono wake ulivyovimba kwa siku tatu. Mtu aliyepatwa na hayo hastahili kuambiwa kwamba hofu yake ni upuuzi. Hatukumwambia hivyo, wala hatumwambii leo. Walakini mzee mmoja, ambaye kwa desturi hukaa kimya mpaka mkutano uishe, aliuliza swali: "Hao mamia, nani amewahesabu?" Tukatazamana. Hakuna aliyewahesabu. Basi ikakatwa shauri kwamba kabla ya kutia mhuri wa Chama twende tukaone kwa macho yetu.

Tulikwenda mara tatu: mara mbili baada ya saa sita za usiku, na mara moja kabla ya alfajiri. Tulikuwa watu watano, na tochi mbili, na mwenzetu mmoja aliyechukua rungu, ambalo halikutumika ila kufukuza mbwa. Tulitembea kutoka upande wa Kondele mpaka upande wa Kenya Re, kila kibaraza na kila uchochoro.

Watu waliolala nje walikuwa tisa.

Kwanza tulikuta watu wawili waliojilaza juu ya maboksi mbele ya maduka, tukawaamsha kwa ukali, nao wakatuonyesha virungu vyao: walikuwa walinzi. Mmoja alilinda duka la mwanachama aliyetia sahihi barua ile ya malalamiko. Hana kibanda, hana koti la mvua. Hao hatukuwaweka katika hesabu, maana ni wafanyakazi wetu wenyewe. Lakini mtu apitaye kwa gari usiku, akiwaona, bila shaka huwahesabu na kuwaita wahuni.

Katika wale tisa alikuwamo mtu mmoja mgonjwa wa akili, ambaye wenye nyumba za njia ile wamjua kwa jina na humpa chakula. Alikuwamo mama mmoja na watoto wake wawili, nao tutarudi kwao. Waliobaki walikuwa vijana watano, mkubwa wao wa miaka kumi na sita au kumi na saba kwa kukisia, mdogo wao hajafika kumi na mbili, kila mmoja na chupa yake ya gundi ya viatu ndani ya shati. Gundi ile huwasahaulisha njaa na baridi, nayo huwaharibu ubongo na mapafu. Huuzwa mchana na watu wazima wenye maduka, tena kwa faida.

Ule usiku wa tatu tulisimama karibu na jaa dogo lililo pembeni mwa mtaa mpaka kukapambazuka, ili tujue ni nani atawanyaye takataka. Walikuja mbwa kwanza. Kulipopambazuka wakashuka korongo, wale ndege wakubwa wenye vichwa vya upara, wakamaliza kazi ya mbwa. Na kati ya mbwa na korongo walipita wasichana wa kazi, watano au sita, wakitoka katika nyumba zetu na mifuko, wakaitupa na kukimbia, kwa sababu mabwana zao hawalipi ada ya mchukuzi wa taka. Wale vijana nao walikuja, ni kweli. Waliokota chupa za plastiki na vipande vya chuma wakavitia katika magunia ili wavipime kwa kilo. Tukisema ukweli, takataka ilipungua walipokwisha kupita.

Vifuniko vya mitaro tulivitazama pia. Kifuniko kimoja kilichobaki tulijaribu kukiinua, wanaume wawili, tukakirudisha chini upesi. Kitu kile hakichukuliwi na mtoto mwenye njaa. Huchukuliwa kwa mkokoteni, na wenye mizani ya vyuma vikuukuu hukipokea wakijua kimetoka wapi. Biashara hiyo ilipigwa marufuku nchini kote Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, ikafunguliwa tena Mei mwaka ule ule kwa masharti mapya. Na mama yule aliyenyang'anywa simu, tulipomwuliza tena kwa utulivu, alisema mwizi alikuja juu ya pikipiki. Hatujamwona kijana wa gundi mwenye pikipiki.

Hatusemi kwamba wale watano ni malaika. Taa za milangoni wameziiba. Mmoja alikiri bila hata kuulizwa mara ya pili, akatutajia na bei. Tena matusi yao kwa watoto wa shule hayavumiliki. Lakini kati ya vijana watano waibao taa na mamia walioteka mtaa pana tofauti kubwa, na barua yenye mhuri wa Chama haina budi kuijua tofauti hiyo.

Hapa tutaomba ruhusa ya jodongo tuseme kidogo juu ya neno tulitumialo. Chokora. Watoto wetu wanalisema kama jina la kabila. Kumbe ni neno la Kiswahili cha zamani. Kuchokora ni kuchimbua-chimbua kwa kijiti au kisu, na huko pwani chokora alikuwa kijana wa chini kabisa katika nyumba ya mkubwa, mtumishi wa watumishi. Lakini hata huyo chokora wa zamani alikuwa na nyumba iliyomtuma na kumlisha. Sisi tumelitwaa neno tukaondoa nyumba.

Na mji wetu je? Wazee mnajua kuliko sisi. Kabla ya reli kufika ufukoni hapa mwaka 1901, na kabla Wazungu hawajapaita Port Florence kwa jina la mke wa mjenzi wa reli, mahali hapa palikuwa pa kusuma. Nyumbani kulipoingia njaa, watu walifunga safari na vikapu vyao, wakaja kubadilishana vitu na kuomba chakula kwa waliokuwa nacho. Kwa hiyo aliyekuja hapa na kikapu kitupu hakuwa mgeni wa ajabu. Ndiye aliyeupa mji jina lake.

Serikali ya kikoloni ilileta fikira nyingine, kwamba Mwafrika ana ruhusa ya kuwapo mjini akiwa na mwajiri tu. Kwa sheria ya 1915 kikawekwa kipande, nacho kikaanza kuvaliwa shingoni ndani ya kikasha cha bati baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka kikaondolewa mwaka 1947. Asiye na kazi wala maskani aliitwa mzururaji, akakamatwa, akarudishwa kwao. Uhuru ulipokuja, Sheria ya Uzururaji haikuondoka na bendera. Ilibaki katika vitabu mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo, zimkamatazo mtu kwa kukosa makao au kazi na si kwa tendo alilolitenda, zinapingana na Mkataba wa Afrika. Twayataja haya kwa sababu ombi la lori la usiku lilikuwa, kwa maneno mengine, ombi la kuturudishia sheria ile iliyowakamata baba zetu.

Tena tusiwatwike wakoloni mzigo wote. Vyama vya ustawi kama hiki vilikuwa na mkono. Katika miaka ya 1940 na 1950 Luo Union ilifanya mengi mema, na jumba la Ofafa Memorial lasimama mpaka leo kama ushahidi; lakini pia iliwakamata mijini wasichana walioishi peke yao, ikawarudisha mashambani kwa nguvu, ili jina la kabila lisichafuke. Baadhi ya wazee waliopo hapa waliyashuhudia wakiwa watoto. Kwa upande mwingine, wale wa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, iliyoanzishwa 1923 chini ya Archdeacon Owen, walianza kwa kujihimiza wenyewe kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Walianza uani kwao. Twaona kwamba hao wa pili ndio wa kuigwa, ingawa kuua panya hakumpi mtu sifa nyingi.

Na desturi ya kumrudisha mtu nyumbani ilikuwa na maana pale tu nyumbani palipokuwapo. Siku hizi, wengi wa watoto walalao nje Kisumu wametoka katika nyumba zilizovunjika. Ukimwi uliwachukua wazazi wengi katika nchi hii ya ziwa kuliko sehemu nyingi za Kenya. Bibi walibaki na wajukuu, kisha bibi nao wakafa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kazi za bandari na reli zilipungua, na viwanda vilipodhoofika baadaye, mishahara iliyolisha ukoo mzima ilikatika. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaleta hapa watu waliofukuzwa Naivasha na Nakuru, waliorudi "nyumbani" ambako baadhi yao hawakuwa na hata kiwanja cha kuweka mkeka. Serikali ilipowahesabu watu wa mitaani mwaka 2018, ilipata 46,639 katika Kenya nzima, nao 2,746 walikuwa katika Kaunti ya Kisumu, ya tatu baada ya Nairobi na Mombasa. Tarakimu hiyo si ndogo. Lakini mtu akigawanya 2,746 kwa mitaa na masoko ya kaunti yetu ataona kwamba mamia ya Migosi hayakuwahi kuwapo.

Yafaa pia tukumbuke Migosi yenyewe ilitoka wapi. Haikuwa mtaa wa matajiri. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya kwanza ya 1980 viwanja vilipimwa hapa, maji na njia vikawekwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa kipato kidogo wasio na nyumba wapewe mahali wajenge wenyewe, chumba baada ya chumba. Wengine kati yetu ni watoto wa watu hao. Sasa tumezungushia kuta zenye vioo juu yake, tumepangisha vyumba vya nyuma, na tumekuwa wenye kulalamika. Hilo si dhambi. Ila ni jambo la kuchekesha kidogo, na siku ile katika Halmashauri tulicheka, tukanyamaza.

Sasa tufike kwa jambo ambalo kwalo tunasimama hapa leo.

Usiku wa pili, tulipowamulikia tochi wale vijana watano, mdogo wao alijikinga macho kwa mkono, akamtazama mmoja wetu, akasema: "Baba mdogo, hujambo?" Mwenzetu huyo sahihi yake ilikuwa ya pili katika barua. Kijana ni mtoto wa marehemu kaka yake. Baada ya mazishi kijana aliletwa Kisumu kwa baba yake mdogo asomeshwe. Vyumba viwili, watoto wanne wa nyumbani, na yeye wa tano. Siku moja pesa zilipotea juu ya kabati, naye akaadhibiwa. Akatoka jioni ile. Nyumbani walisema amerudi shambani kwa bibi yake, shambani wakadhani yuko Kisumu, na miezi saba ikapita. Hayo yote mwenzetu alitueleza mwenyewe, papo hapo, akiwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro. Alitupa ruhusa tuyaseme leo bila jina. Pesa zilionekana baadaye ndani ya kitabu.

Tungependa kuwaambia kwamba kijana alirudi nyumbani na mambo yakawa mema. Alirudi, akakaa siku kumi na mbili, akatoroka, akapatikana tena karibu na Kibuye, akarudishwa. Gundi haimwachi mtu kwa maombi tu. Sasa yuko shuleni, anachelewa kuamka, anapigana na wenziwe, na mke wa mwenzetu amechoka. Mama huyo hatujamsikia akisifiwa na mtu yeyote katika mkutano huu. Basi sisi tunamsifu.

Kuhusu yule mama na watoto wake wawili, hapa twasema na jodongo kwa heshima, lakini twasema. Mumewe alipofariki aliambiwa arithiwe na shemeji, akakataa. Nyumba yake ya shambani ikafungwa kwa kufuli. Alikuja mjini akauza samaki waliokaangwa, mtaji ukaisha mtoto alipougua, kodi ikamshinda. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba ya marehemu mumewe. Wazee wawili wa Chama walikwenda kuzungumza na wazee wa ukoo ule. Walipokewa vizuri, wakapewa uji na kiti, na kufuli haikufunguliwa. Watakwenda tena. Kwa sasa mama yule analala katika chumba cha nyuma kwa mwanachama mmoja, na kodi ya miezi mitatu imetoka katika mfuko wa Chama, kama Mweka Hazina alivyokwisha kueleza, kwa sauti ambayo wote mliisikia.

Mgonjwa ana jamaa huko Seme, tumewaandikia. Katika vijana wanne waliobaki, wawili walitoweka siku uliposikika uvumi kwamba lori laja. Hofu yao si ya bure. Februari 2019 nchi yote ilisikia habari ya watoto wa mitaani wa Nakuru waliochukuliwa usiku kwa gari wakatupwa karibu na msitu wa Chemasusu, katika Kaunti ya Baringo, kwenye baridi. Hiyo ndiyo maana ya "mahali pa mbali" ambayo barua yetu haikuitaja. Wawili wengine bado wapo, na yule mkubwa sasa husaidia kupakia taka za nyumba kumi na nne kwa malipo ya kila juma. Taa za milangoni bado zinapotea, ingawa si nyingi.

Halmashauri haikutia mhuri. Wako wanachama wasioridhika na shauri hilo, nao wana haki ya kusema leo katika mkutano huu. Mmoja ametuambia kwamba tumeugeuza Chama kuwa hoteli. Tunayoomba kwenu ni matatu, nayo si makubwa. Kila nyumba ilipe ada ya taka. Kila mwenye duka amjengee mlinzi wake kibanda. Na wanachama wenye maduka waache kuwauzia watoto gundi. Wawili kati yenu mwajijua, na hatutawataja mwaka huu.

Barua ile ya kwanza ingali katika jalada la Katibu, pamoja na sahihi zake thelathini na moja. Hatukuichana, kwa kuwa ni mali ya walioiandika. Mwenye kutaka kufuta sahihi yake aje afisini siku ya Jumamosi, afute kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka juzi walikuwa wamekuja sita, na wa kwanza wao alikuwa mama yule aliyenyang'anywa simu.